Kuku wa Chumbani

Mimi nauza vipuri vya pikipiki Ngarenaro, na kazi hiyo haimfundishi mtu upole. Siku nzima vijana wa bodaboda wananipigia kelele wakitaka niwabadilishie breki walizozisaga wenyewe, nami nawajibu kwa sauti ileile. Kwa hiyo nikisema kuna mwanamke mmoja tu aliyewahi kunitetemesha, mjue si kawaida yangu. Mwanamke huyo ni Mama Eunike, mama wa mume wangu Fanuel. Ni mkulima wa Kikwe, mzee wa kanisa, mrefu, mwembamba, na akiingia kwako anakuwa ameshaliona vumbi la mezani kabla hujamvutia kiti.

Tatizo lenyewe lilikuwa moja: hakuwa anakula kwangu.

Chanzo nilikijua. Jumamosi ya kwanza baada ya harusi alikuja kututembelea, nami, Mchaga wa Machame niliyetaka Wameru wa kwao Fanuel wakubali kwamba wamepata mke, nikamchinjia jogoo wa kienyeji. Lilikuwa jogoo zee. Nililichemsha mpaka mkaa ukaisha, nikaongeza mwingine nao ukaisha, nyama bado ngumu kama tairi jipya. Mama akapewa paja, kama heshima inavyotaka. Aling'ata mara moja tu. Sote tuliokuwa mezani tulisikia, ko. Alitoa kitu mdomoni, akakifunga kwenye pindo la khanga, akanywa maji, akaaga akisema anawahi kabla ya mvua. Mvua yenyewe ilikuja mwezi uliofuata.

Nilimvunja jino mama mkwe. Kuna wanawake wanaanza ndoa kwa kuunguza wali, mimi nilianza hivyo.

Tangu siku hiyo, miaka miwili na ushei, mambo yalikuwa yaleyale. Anakuja, tunamwamkia, anakunywa chai, anatuombea sala inayoanzia uumbaji, na chakula kikifika mezani anasema, "Nimeshiba, mwanangu." Ameshiba nini, ametoka Kikwe na chai tupu? Zaidi ya hapo alikuwa anajifunika mdomo kwa pindo la khanga toka anapoingia mpaka anapotoka. Nyumba yetu imepakana na gereji, na nilielewa: nyumba ya mkwewe inamnukia grisi. Sitaficha, niliumia. Mama yangu mzazi alifariki kabla sijaolewa, na moyoni nilikuwa nimeshapanga kwamba huyu ndiye atakuwa mama. Sasa mama gani anakataa hata mchuzi wako?

Kumpikia kuku wa kisasa nisingethubutu. Yule anaiva upesi, lakini kwa Mama Eunike ni chakula cha mgonjwa. Tena wifi yangu Anande, anayefanya kazi kwenye shamba la maua Usa River, angetangaza habari hiyo mpaka Kikwe kabla sahani hazijaoshwa. Lazima awe wa kienyeji, na lazima awe laini. Vitu hivyo viwili nilikuwa sijawahi kuviona sufuria moja.

Aliyeniokoa ni Rachel, mwanamke anayeuza vyombo vya mtumba jirani na duka langu. Siku moja alifungua mzigo mpya, akatoa chungu kizito cha udongo kilichokaa ndani ya ndoo ya bati yenye waya wa umeme, na mfuniko wa kioo juu. Akanieleza kwamba Wazungu wanaweka nyama humo asubuhi, wanakwenda kazini, na wakirudi jioni nyama inauacha mfupa yenyewe. Moto wake ni mdogo mno, ndiyo siri. Sharti ni moja: usifunue, kwa sababu kila ukifunua unakimbiza joto lililokusanyika. Mimi ni mtu wa mashine. Nikakigeuza, nikakagua waya, nikapima na kidole, nikakibeba.

Nilikijaribu na nyama ya ng'ombe ya mchemsho. Fanuel alikula kimya, halafu akakiangalia kijiko chake kana kwamba kimefanya jambo.

Hapo nikakata shauri. Nikatuma ujumbe Kikwe kwamba tunamwomba Mama aje Jumamosi. Jirani yetu alikuwa na jogoo aliyezoea kuwika saa zote isipokuwa alfajiri, na mtaa mzima ulishamchoka. Nilipoomba kumnunua, nusura anipe na banda.

Kulikuwa na jambo moja bado. Mama Eunike alikuwa na msimamo wake kuhusu chakula cha umeme. Siku moja alipoona jiko la umeme kwa Anande alisema kwamba chakula kisichoona moto ni cha hospitali, na kwamba mwanamke anayepika akiwa amekaa anapika uvivu wake. Akiona ile ndoo yenye waya, nilijua atashiba kabla sijaifunua. Kwa hiyo chungu changu lazima kifichwe. Lakini kifichwe wapi, kwenye nyumba ya sebule moja, jiko moja na vyumba viwili, kimoja cha wageni?

Chumbani kwetu, bila shaka. Mama mkwe haingii chumbani kwa mwanawe na mkewe. Kwa Wameru ni hivyo na kwetu Machame ni hivyohivyo, wala hakuna haja ya kuulizana. Ningeweza kuficha trekta humo.

Jumamosi niliamka kabla ya watu. Nilimkata yule jogoo, nikamkaanga kidogo kwenye mafuta na vitunguu mpaka akabadilika rangi, nikampanga kwenye chungu juu ya viazi, karoti na ndizi mbichi. Nikatia nyanya, tangawizi, kitunguu saumu kwa mkono wa ukarimu, maji kidogo tu kwa sababu mvuke hautoki, nikafunika. Chungu kikakaa juu ya kigoda kando ya kitanda, waya kwenye soketi ya kuchajia simu. Nikakivika khanga ili hata mtu akichungulia aone ni nguo. Fanuel alikuwa akinitazama kutoka kitandani. Nilimwonya kwamba akiulizwa lolote kuhusu chumba hiki, hajui. Fanuel anafundisha hesabu sekondari, na kudanganya ni kazi asiyoiweza kabisa. Alisema sawa kwa sauti ya mtu anayepelekwa polisi.

Halafu nikawaza: nyumba isiyopika itaonekanaje? Mgeni afike akute jiko limepoa, hakuna moshi, mkwe amekaa? Nikawasha jiko la mkaa uani, nikateleka sufuria kubwa ya maji, nikatupia kitunguu, nyanya na majani ya karoti ili yanukie. Na ili maji hayo yawe na sura ya kuku, nikatia kichwa na miguu ya yule jogoo. Nilijiona nina akili nyingi sana.

Bajaji ikaleta wageni. Mama Eunike alishuka amenyooka kama kawaida, pindo la khanga likiwa limeshafika mdomoni. Nyuma yake Anande, ambaye sikumwalika. Niliwaamkia, "Shikamoo, Mama," akaitikia "Marahaba" ndani ya khanga, akapitiliza sebuleni. Anande alikuja moja kwa moja uani kwangu, maana wifi akikosa kosa la kuona sebuleni hulitafuta jikoni.

Nilikuwa nakoroga yale maji kwa bidii, jasho linanitoka. Sijawahi kukoroga chakula kwa uangalifu kiasi kile, na hakikuwa chakula. Anande akachukua mwiko mkononi mwangu kama utani, akakoroga, ukaibuka mguu. Akakoroga tena, ukaibuka mguu wa pili, na kichwa kikafuata kikatutazama.

"Wifi," akasema, "kuku mwenyewe yuko wapi?"

"Amezama," nikamwambia.

Akaupitisha mwiko chini ya sufuria, pembe hadi pembe, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mtaro. Nikamnyang'anya, nikamwambia aende akamsalimie kaka yake, hajamsalimia. Akaondoka, lakini kwa mwendo wa mtu mwenye habari.

Ningekuwa nimeponea hapo kama isingekuwa harufu. Rachel aliniambia kila kitu kuhusu kile chungu isipokuwa hilo. Mvuke hautoki, kweli, ila harufu inatoka, na inatoka taratibu siku nzima, kidogokidogo, mpaka inakuwa imeikalia nyumba. Nilipoingia sebuleni kupeleka chai niliisikia waziwazi: tangawizi, kitunguu saumu, kuku aliyeiva vizuri, yote yakitokea chini ya mlango wa chumba chetu. Uani kwangu kulinukia majani ya karoti. Mama Eunike alikuwa amekaa kwenye kiti kinachotazamana na ule mlango. Kiti hicho huwa hakikalii. Pindo la khanga lilikuwa mdomoni lakini pua ilikuwa nje, na pua ilikuwa inafanya kazi.

Hakuweza kuingia, wala hakuweza kuniuliza mimi, mkwe, kuna nini chumbani kwangu. Akamgeukia mwanawe na kumuuliza taratibu kama kuna kitu kinanukia.

Fanuel alinitazama. Nikamtolea macho.

"Ni manukato ya Nice," akasema.

Nice ndilo jina langu. Na kuanzia dakika ile, kwa ushahidi wa mume wangu mwenyewe, mimi nilikuwa mwanamke anayejipaka kitunguu saumu.

Anande hakucheka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikuwa ameshajumlisha. Sufuria ina miguu na kichwa tu, chumba kimefungwa, na kinachonukia kiko chumbani. Akainama sikioni kwa mama yake akanong'ona kwa Kimeru. Kimeru changu si kizuri, lakini neno la nyama nalijua, na la kuficha nalijua pia. Mwanamke anayewachemshia wakwe miguu ya kuku huku amejifungia kuku mzima chumbani hana pa kuweka uso wake. Mvivu anasemwa, lakini mchoyo anasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Nilikuwa nimekwepa shimo nikaingia kisimani, tena kwa kujichimbia mwenyewe tangu asubuhi.

Nilikaa. Mama Eunike aliutazama mlango, akaitazama chai yake, akautazama tena mlango. Halafu akasimama, akajitanda khanga vizuri.

"Fanuel, niitie bajaji," akasema. "Nimeshiba."

Sikuwa nimetenga hata sahani. Alikuwa ameshiba kabla ya kukaribishwa. Nilisikia kitu kinakatika ndani yangu, na sauti iliyonitoka haikuwa ya mkwe, ilikuwa ile ya dukani.

"Mama, huondoki."

Fanuel akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni pa chumba. Nikaufungua wote mpaka ukagonga ukuta, na ile harufu ikatoka kama watu wanavyotoka kanisani. Kitanda kikaonekana, kigoda kikaonekana, na juu ya kigoda kitu cha mviringo kilichovaa khanga, kina waya.

Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja. Kwamba huyo ndiye kuku, amepikwa kwa umeme, na nimekaa siku nzima bila kumgusa kwa sababu hagusiki. Kwamba kule uani nimechemsha maji ya uongo ili asiniite mvivu. Kwamba nilimvunja jino, nalijua, nililisikia, na tangu siku ile sijapika kuku bila moyo kunienda mbio. Na kwamba kama anaiona nyumba yangu inanuka hadi ajifunike mdomo, basi aniambie, nitahama hata mtaa, lakini asiseme tena ameshiba, kwa sababu naumia. Neno la mwisho lilitoka vibaya. Nilikuwa nalia, na mimi huwa silii mbele ya wateja, sembuse wifi.

Mama Eunike aliuangalia mlango uliokuwa wazi, akaangalia kizingiti, akamwangalia mwanawe. Halafu akafanya kitu ambacho Fanuel mpaka leo akikisimulia anashusha sauti. Alivuka kizingiti akaingia chumbani kwetu. Anande alipoinuka kumfuata, mama yake akanyoosha kidole kimoja, Anande akarudi kitini.

"Ingia, mwanangu," akaniambia. "Funga kwa ufunguo."

Nikafunga. Tukabaki mimi, yeye, kitanda na kuku. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu kuku yule wa kwanza akateremsha lile pindo la khanga. Akafungua mdomo kunionyesha.

Sasa, mtu asiyetoka huku inabidi aelezwe. Maji ya Kikwe yana madini yanayopaka meno rangi ya chai. Fanuel ana meno hayo, Anande anayo, shangazi zao wote wanayo, na hakuna anayeona ajabu. Mama Eunike naye alikuwa nayo. Lakini pale mbele, juu, palikuwa na meno manne meupe kabisa, meupe kama sahani za harusi, yamejipanga katikati ya yale ya rangi ya chai kama wageni waliokosea mlango.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Jino nililomvunja lilioza, daktari akaling'oa pamoja na meno jirani, akampa haya ya bandia. Alimwomba yenye rangi ya kwao. Daktari, kijana wa mjini, alidhani bibi anatania. Tangu hapo hacheki mbele za watu, kwa sababu kwa Kikwe nzima ni yeye tu mwenye meno ya mtangazaji wa televisheni. Kwaya anaimbia puani. Mwanawe hajui, Anande hajui, na Anande asijue milele. Kujifunika hakukuwa kwa ajili ya grisi. Na kula ndiyo kabisa, maana yakikutana na kitu kigumu yanatoka. Siku moja alikuwa anakula muhogo, akaurudisha kwenye sahani, akakuta muhogo unamcheka.

Sikukusudia kucheka. Nilibana midomo, nikajikaza, nikaangalia dari. Nilipoteremsha macho nikamkuta naye mabega yanamtikisika. Tulicheka mpaka ikabidi ajifute machozi kwa lile pindo lililokuwa limezoea mdomo. Na katikati ya kicheko nikaona uchungu, kwa sababu miaka miwili yote tulikuwa tunaogopana, kila mtu na aibu yake, na mezani katikati yetu chakula kinapoa.

"Mama," nikasema, "yatoe tu. Mlango umefungwa."

Aliyatoa, akayaweka kwenye kisosi cha pete zangu. Nikakivua chungu khanga, nikafunua. Mvuke ulitupiga usoni sote wawili. Nikaingiza kijiko kwenye paja la yule jogoo mwenye kichwa kigumu kuliko wote mtaani, na mfupa ukatoka peke yake, mweupe, safi. Mama Eunike akainama kuutazama. Akauliza kama ni yule aliyekuwa akiwika usiku alipolala hapa siku ya Pasaka. Nikasema ndiye. Akaonyesha kuridhika.

Sahani zilikuwa jikoni, nasi hatukutaka kufungua mlango, kwa hiyo tulikula humohumo kwenye chungu, kijiko kimoja kwa zamu, yeye juu ya kitanda na mimi sakafuni. Alikula paja. Alikula bawa. Ndizi iliyolainika na mchuzi aliila akiwa amefumba macho. Hakutafuna, hakukuwa na cha kutafuna. Kila alipotaka kunirudishia kijiko nilimwambia bado ni zamu yake, naye hakubisha. Nilikuwa na furaha hata sikukumbuka kwamba nami nina njaa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Anande, na sauti ilikuwa imeingia wasiwasi. Aliuliza kama kuna usalama, na mbona tumekaa kimya kiasi hicho, na tunafanya nini humo.

Mama Eunike alinipokonya kijiko, akajaza, akatia mdomoni.

"Tunasali," akasema.